Reli ya Jin-Pu na Majeshi Yenye Wenyewe

Ukisoma kuhusu vita vya Uchina na Japani, mapema tu utakutana na orodha fulani. Imepangwa kwa ngazi. Juu kabisa kuna eneo la vita, chini yake kundi la majeshi, halafu jeshi, divisheni, brigedi, rejimenti. Kando ya kila kikosi kuna jina la kamanda. Kila kitu kiko mahali pake. Mara ya kwanza nilipoiona niliwaza, hawa jamaa si walikuwa wamejipanga? Mbona basi walipoteza sehemu kubwa ya reli za kaskazini kwa muda wa miezi michache tu?

Nilikuja kuielewa ile orodha siku moja nikiwa kwenye matatu, nikimsikiliza kondakta akibishana kwa simu na meneja wa sacco. Unajua vile mambo huwa. Ubavuni mwa gari kuna jina la sacco. Kuna ofisi, kuna mwenyekiti, kuna ratiba ukutani. Lakini gari lina mwenyewe. Dereva anajua mwenye gari ni nani, na jioni hesabu haiendi kwa mwenyekiti. Meneja akitangaza kwamba kesho magari matano yapite ile njia ya matope ili kuwaokoa wenzao waliokwama, kila mwenye gari atakuwa na sababu yake. Moja liko gereji, lingine tairi imeisha. Si kwamba ni watu wabaya. Wanajua tu kwamba gari likianguka mtoni, hakuna atakayewanunulia lingine.

Jeshi la Uchina la 1937 lilikuwa sacco. Na njia ya matope ilikuwa reli ya Jin-Pu.

Hebu tuichore. Chukua karatasi uandike herufi H. Mguu wa kushoto ni reli ya Ping-Han, kutoka Beiping (ndiyo Beijing ya leo) kushuka hadi Hankou. Mguu wa kulia ni Jin-Pu, iliyokamilika 1912, kama kilomita 1,000 kutoka bandari ya Tianjin hadi Pukou, mji unaotazamana na Nanjing, mji mkuu wa wakati huo, mto Yangtze ukiwa katikati. Ule mwamba unaounganisha miguu miwili ni reli ya Longhai. Inakutana na Ping-Han mjini Zhengzhou, na inakutana na Jin-Pu mjini Xuzhou. Kumbuka Xuzhou, tutarudi hapo.

Barabara nzuri zilikuwa chache. Mchele, risasi, mizinga, majeruhi, barua, vyote vilipanda treni. Jeshi lililokuwa mbali na reli lilikuwa jeshi la miguu, linalokula kile ambacho kijiji kimebakiza. Kwa hiyo vita vya kaskazini vilipoanza rasmi baada ya tukio la Daraja la Marco Polo tarehe 7 Julai 1937, na Beiping na Tianjin zilipoanguka mwisho wa mwezi huohuo, kila mtu alijua hatua inayofuata. Wajapani wangeshuka kwa reli.

Walijipanga kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa. Mwisho wa Agosti waliunda jeshi kubwa la kaskazini mwa Uchina chini ya Jenerali Terauchi Hisaichi, wakaligawa mara mbili. Jeshi la Kwanza likapewa Ping-Han. Jeshi la Pili, chini ya Nishio Toshizo, likapewa Jin-Pu. Reli moja, jeshi moja, bosi mmoja. Divisheni yao moja ilikuwa na zaidi ya watu 20,000 na mizinga ya kutosha. Ya Wachina, hata kwenye karatasi, ilikuwa na kama nusu ya hao, na mara nyingi karatasi ilikuwa inadanganya.

Kwa upande wa Wachina, Chiang Kai-shek aligawanya nchi katika maeneo ya vita. Ping-Han ilikuwa katika la Kwanza. Jin-Pu ya kaskazini ikapewa eneo jipya mwezi Septemba, la Sita, na kiongozi wake akawa mzee Feng Yuxiang.

Hapa ndipo ile orodha inaanza kusimulia hadithi.

Feng alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mtoto wa familia maskini, Mkristo aliyebatizwa 1914. Katika miaka ya 1920 alijenga jeshi lililoitwa Jeshi la Kaskazini-Magharibi, na vijana aliowalea humo walipanda wakawa majenerali. Mwaka 1930 aliungana na wengine kupigana na Chiang, akashindwa. Jeshi lake likavunjwa vipande, na kila kijana akaondoka na kipande chake. Song Zheyuan akapata kile kilichokuja kuitwa Jeshi la 29, ndilo lililokuwa Beiping vita vilipoanza. Han Fuju alikuwa amemkimbia mzee hata kabla, 1929, akajiunga na Chiang, na zawadi yake ikawa jimbo zima la Shandong, ambamo reli ya Jin-Pu inapita katikati. Pang Bingxun, mzee mwenye mguu mbovu kwa sababu ya jeraha la vita, alibaki na kikosi kidogo. Sun Lianzhong naye akawa na chake.

Sasa angalia hesabu ya Chiang. Majenerali walio kwenye Jin-Pu karibu wote ni vijana wa zamani wa Feng. Basi mlete Feng awaongoze, si watamtii baba yao? Kwenye karatasi ni akili nyingi. Lakini hebu jiweke mahali pa mtu aliyeondoka na gari la mzee miaka saba iliyopita, akalilisha, akalipaka rangi, akaandika jina lake. Asubuhi moja unaambiwa meneja mpya wa sacco ni yule mzee. Swali la kwanza kichwani mwako si Wajapani wako wapi. Ni hili: amekuja kuchukua gari lake?

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la pesa, kwa sababu bila hilo majenerali hawa wanaonekana tu kama waoga, na hadithi inakuwa nyepesi mno. Serikali, au jimbo, ilimlipa kamanda kwa jumla kulingana na idadi ya askari wake. Yeye ndiye aliyegawa. Wengi waliorodhesha watu wasiokuwepo na kula mishahara yao. Sisi tunaojua habari za wafanyakazi hewa hatuhitaji kufundishwa askari hewa ni nini. Lakini athari kubwa haikuwa wizi. Kamanda aliyeingia vitani na rejimenti nne akatoka na mbili alikuwa na hatari ya kulipwa kama mwenye mbili. Baadaye ingekuja barua kutoka wizarani, ya heshima kabisa, ikimwambia kwamba kikosi chake ni kidogo, kiunganishwe na cha mwingine. Aliyepigana vizuri alipoteza kila kitu. Aliyerudi nyuma mapema alibaki jenerali. Askari wake ndio waliokuwa mtaji wake, bima yake, kura yake.

Kwa hiyo Septemba 1937 ikaenda jinsi ilivyoenda. Mvua kubwa ilikuwa imefurika tambarare za kusini mwa Tianjin, mashamba yamegeuka ziwa, na mahali pakavu pa kusimama palikuwa tuta la reli lenyewe. Song Zheyuan aliomba ruhusa ya ugonjwa akaenda kupumzika mlima Tai, majeshi yake akamwachia naibu. Han Fuju, kusini zaidi, hakuwa na haraka ya kutuma watu wake nje ya Shandong kuwatetea wengine. Pang Bingxun ndiye aliyesimama kaskazini mwa Cangzhou na Jeshi lake la 40, ambalo licha ya jina kubwa lilikuwa divisheni moja tu, akavuja damu. Cangzhou ikaanguka tarehe 24 Septemba. Siku hiyohiyo, kwenye mguu wa pili wa H, Baoding nayo ikaanguka, na kamanda wa huko, Liu Zhi, alirudi nyuma kwa kasi hivi kwamba watu wakamtania kuwa ni jenerali wa miguu mirefu. Mwanzoni mwa Oktoba Dezhou ikaenda. Eneo la Sita la Vita likavunjwa mwezi huohuo. Lilikuwa limeishi chini ya miezi miwili.

Feng alirudi nyumbani. Vijana wake walikuwa wamebaki na magari yao.

Katikati ya Novemba Wajapani walifika ukingo wa kaskazini wa Mto Njano. Pale Luokou, karibu na Jinan, kulikuwa na daraja kubwa la chuma la reli lililojengwa na Wajerumani. Han Fuju aliwavusha watu wake kusini, akalilipua. Kama angesimama nyuma ya mto ule, pengine leo tungemkumbuka vingine. Lakini Wajapani walipovuka mwezi Desemba, siku chache baada ya Nanjing kuanguka, Han aliondoka Jinan karibu bila kupigana, akaendelea kurudi nyuma, mji baada ya mji, akielekea magharibi na jeshi lake likiwa zima. Kwa hesabu ya sacco alikuwa amefanya vizuri sana, gari halina hata mkwaruzo.

Januari 1938 Chiang aliwaita majenerali mkutanoni Kaifeng. Han alienda. Alikamatwa hapo, akashtakiwa, na tarehe 24 akapigwa risasi Wuchang. Alikuwa gavana wa jimbo na kamanda wa kundi la majeshi, na mtu wa cheo hicho hakuwa amewahi kuadhibiwa hivyo katika vita hivi. Wenzake wote walielewa barua hiyo imeandikiwa nani.

Ni rahisi kusema kwamba hofu ndiyo iliyobadilisha mambo miezi iliyofuata. Mimi siamini ilitosha. Hofu inamzuia mtu kukimbia, haimfanyi amwokoe jirani anayemchukia. Kilichotokea Xuzhou kilihitaji kitu kingine.

Eneo la Tano la Vita, lenye makao yake Xuzhou pale mwamba wa H unapokutana na mguu wa kulia, lilikuwa mikononi mwa Li Zongren. Huyu hakuwa mtu wa Chiang hata kidogo. Alitoka Guangxi, kusini kabisa, na jeshi la jimbo lake lilikuwa limepigana na Chiang 1929. Labda ndiyo sababu alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa mwenye gari. Miaka mingi baadaye, akiishi Marekani, alisimulia maisha yake kwa kirefu, na mengi ya ninayoandika hapa chini yanatoka kwa masimulizi hayo, kwa hiyo tumsikilize tukijua kwamba katika hadithi yake mwenyewe Li hakosei sana.

Ukitazama orodha ya majeshi aliyopewa unacheka kwanza. Kuna watu wa Guangxi. Kuna watu wa Kaskazini-Mashariki ambao nchi yao ilikuwa imechukuliwa na Japani tangu 1931, na walikuwa wanapigana mbali na kwao bila kwao kwa kurudi. Kuna mabaki ya Feng. Na kuna Wasichuan.

Hawa Wasichuan wa Kundi la 22 la Majeshi ni habari peke yao. Waliondoka jimbo lao la kusini-magharibi kwa miguu, wengi wakiwa na viatu vya majani makavu na nguo za msimu wa joto, bunduki zao ni vyuma vya zamani. Walipelekwa Shanxi, ambako mwenyeji wao Yan Xishan hakuwapa kitu, na walipoanza kujichukulia silaha na chakula kwenye bohari zake akataka waondolewe. Wakapendekezwa kwa eneo la Kwanza la Vita, kamanda wa huko akasema hapana, asante. Hakuna aliyewataka. Li akasema waleteni. Akawatafutia bunduki na risasi. Halafu akawaweka Tengxian, kwenye reli ya Jin-Pu yenyewe, kaskazini mwa Xuzhou, mbele kabisa ya divisheni ya 10 ya Wajapani.

Mashariki zaidi, mbali na reli, divisheni ya 5 ya Wajapani ilikuwa inashuka kupitia mji wa Linyi ili ikutane na ya 10 karibu na Xuzhou. Wa kuizuia alikuwa nani? Mzee Pang Bingxun na mguu wake, na rejimenti zake tano.

Kabla hajampeleka, Li alimuuliza kama ana shida yoyote. Pang akamweleza. Wizara ilikuwa imemwandikia kwamba kikosi chake kinaruhusiwa rejimenti nne, hiyo ya tano aivunje. Vita vimeanza, wengine wanaongezewa, yeye anapunguziwa. Ile barua ya heshima niliyoitaja, hiyo ndiyo. Li akaandika serikalini, na jibu likaja: Pang abaki na tano zake. Kwetu inaonekana ni karatasi tu. Kwa Pang ilikuwa mara ya kwanza mkubwa wake kumlindia gari.

Wajapani walipombana Linyi mwanzoni mwa Machi 1938, hakukuwa na wa kumsaidia ila Zhang Zizhong. Na hapa ningekuomba usome polepole, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo orodha haiwezi kuonyesha.

Zhang na Pang walikuwa wamelelewa na mzee Feng, ndugu wa nyumba moja. Katika vita vya 1930, Pang alinunuliwa na upande wa Chiang, akageuka akaishambulia divisheni ya Zhang usiku. Zhang nusura afe. Hakusahau. Alipokuja chini ya Li aliomba jambo moja tu, kwamba atapigana popote, na yeyote, ila asiwekwe pamoja na Pang Bingxun.

Zhang alikuwa na mzigo mwingine. Beiping ilipoanguka Julai 1937, Song Zheyuan aliondoka usiku akamwacha yeye nyuma kama kaimu meya, azungumze na Wajapani kununua muda. Magazeti yakamwita msaliti. Alitoroka Septemba, akafika kusini, akakuta nchi nzima inamtemea mate. Ilichukua miezi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwa askari wake, ambao sasa walikuwa Jeshi la 59.

Li alimwita akamwambia ukweli: Pang atakufa Linyi, na ni wewe tu unayeweza kufika. Ugomvi wa 1930 ulikuwa wa nyumbani, huu si wa nyumbani. Zhang akakubali. Angalia kwanza alikuwa wapi wiki chache kabla. Mwezi Februari jeshi lake lilikuwa mto Huai, kusini mwa Xuzhou, likisaidia kuzuia Wajapani waliotoka upande wa Nanjing. Likapanda treni likapelekwa kaskazini, upande wa Tengxian. Hiyo ndiyo faida ya kukaa kwenye njia panda ya reli. Watu walewale wanapigana kusini leo na kaskazini wiki ijayo. Lakini Linyi haikuwa na reli. Zilikuwa kama kilomita 90 za miguu, na Jeshi la 59 lilizitembea kwa mchana mmoja na usiku mmoja. Tarehe 14 Machi liliwavamia Wajapani kwa ubavu, na Pang akatoka mjini akapiga kutoka upande wake. Baada ya siku kadhaa divisheni ya Itagaki Seishiro, mmoja wa majenerali waliosifiwa sana Japani, ilirudi nyuma. Haikufika kwenye miadi yake na divisheni ya 10.

Siku hizohizo Tengxian ilikuwa inakufa. Wang Mingzhang, kamanda wa divisheni ya 122 ya Wasichuan, aliambiwa msaada uko njiani. Msaada ulikuwa wa Tang Enbo, mtu wa Chiang, mwenye askari wazuri na mizinga, na haukufika kwa wakati. Wang aliuawa mjini mwake tarehe 17 Machi. Wale watu wa viatu vya majani, ambao maeneo mawili ya vita yaliwakataa, waliishikilia reli kwa siku chache tu, lakini zikatosha kwa Sun Lianzhong kushuka kwenye treni na kujipanga Taierzhuang.

Taierzhuang ni mji mdogo wa kuta za mawe kwenye Mfereji Mkuu, na tawi la reli lilipita hapo. Sun alipewa kazi ya kuushikilia mpaka Tang awazunguke Wajapani kutoka nyuma. Alikuwa na divisheni tatu, na iliyowekwa ndani ya mji ni ya 31, ya Chi Fengcheng. Kuanzia karibu tarehe 23 Machi walipigana kuta kwa kuta, wakitoboa matundu kati ya nyumba na nyumba. Mizinga ya Japani mchana, Wachina usiku, na mabomu ya mkono na mapanga. Kufikia mwanzo wa Aprili sehemu kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa Wajapani, na askari wengi wa Sun walikuwa wameshakufa au kujeruhiwa.

Sun alimpigia simu Li. Aliomba ruhusa ya kuvuka mfereji arudi nyuma, abakishe angalau mbegu ya jeshi lake.

Hilo neno, mbegu. Kila jenerali kwenye orodha ile angelielewa. Ni neno alilokuwa nalo Han Fuju akiondoka Jinan, hata kama hakulitamka. Ukibaki na mbegu, utapanda tena; mbegu ikiisha, wewe ni mzee tu mwenye sare. Li akamkatalia. Alimwambia ashikilie hadi alfajiri na usiku huohuo ashambulie, na kwamba yeye Li atakuja mwenyewe asubuhi.

Na Sun akabaki. Kwa Chi Fengcheng aliagiza kwamba hakuna atakayevuka mfereji. Wakiisha askari, waingie maofisa, wakiisha maofisa, aingie yeye. Usiku ule mamia ya watu walijitolea, wakaingia mjini katika giza wakarudisha nyumba moja baada ya nyingine.

Tang Enbo, ambaye muda wote huo alikuwa kwenye vilima akisubiri nafasi nzuri zaidi, hatimaye alishuka. Li anasema alimtisha kwa jina la Han Fuju. Inawezekana. Wanahistoria wengine wanamtetea Tang kwamba mpango wenyewe ulimtaka asubiri, na sijui kama Wasichuan wa Tengxian wangekubaliana nao. Tarehe 6 na 7 Aprili Wajapani, wakiwa wamebanwa pande zote na risasi zikiwaishia, walipenya wakarudi kaskazini. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kwanza wa Uchina tangu vita vianze. Robert Capa alifika siku hizo na kamera yake. Hankou watu waliimba barabarani.

Haukudumu. Japani ilileta nguvu kutoka kaskazini na kusini, na Xuzhou ikaanguka tarehe 19 Mei. Li aliwatoa watu wake wengi kwa vikundi kupitia mashamba ya ngano kabla mtego haujafunga. Wajapani wakageukia magharibi kwenye Longhai kuelekea Zhengzhou, ile pembe ya pili ya H. Ili kuwazuia wasiifikie reli ya Ping-Han, serikali ilibomoa kingo za Mto Njano pale Huayuankou mwezi Juni. Reli iliokolewa kwa muda. Wakulima walioishi chini ya mto hawakuambiwa mapema, na waliokufa kwa maji, njaa na magonjwa ni laki kadhaa. Hao hawamo kwenye orodha yoyote ya majeshi.

Orodha ile bado ninayo kwenye simu. Sasa naisoma vingine. Nikifika kwenye jina la Zhang Zizhong najua kwamba tarehe 16 Mei 1940, akiwa kamanda wa kundi zima la majeshi, alivuka mto na kikosi kidogo huko Hubei akauawa mstari wa mbele, na kwamba hakuna aliyemwita msaliti tena. Nikifika kwa Pang Bingxun, aliyeokolewa naye Linyi, najua kwamba mwaka 1943 alitekwa, akajisalimisha kwa Wajapani na kuitumikia serikali waliyoiweka. Ni Pang yuleyule, wa Cangzhou na wa rejimenti tano. Sijaweza kuamua namwonaje.

Baada ya 1949 alikimbilia Taiwan. Sun Lianzhong alikuwa huko pia. Wazee hao wawili, bila jeshi na bila mbegu, walifungua mkahawa pamoja Taipei. Pang alifariki 1963, na Sun aliishi hadi 1990.